Mazungumzo ya Jioni na Mwanachuo Mgeni

Mwanachuo atokaye ng'ambo ya Ziwa Tanganyika akijiunga na chuo cha ualimu, aghalabu hukaa kimya. Darasani hasemi mpaka aulizwe. Bwaloni hula na kuondoka. Wenzake huweza kudhani kwamba ana majivuno, na mkufunzi akadhani kwamba ni mzito wa kuelewa. Kumbe huenda somo analifahamu vizuri, ila anaogopa kuchekwa kwa Kiswahili chake. Ukimya huo usipotibiwa mapema, huweza kumfanya aache masomo. Makala haya yanaeleza njia moja nyepesi ya kuutibu, nayo ni mazungumzo ya jioni.

Lugha moja, malezi mbalimbali

Watu wa mwambao wa ziwa hili wamejuana tangu zamani. Katika karne ya 19 misafara kutoka pwani ilifika Ujiji na kuvuka kwenda Manyema, na Kiswahili kikavuka pamoja nayo. Wamanyema nao walikuja wakafanya makao Ujiji. Leo Kiswahili ni mojawapo ya lugha nne za taifa katika Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo. Upande wa Burundi, Kirundi na Kiha hukaribiana kiasi cha wasemaji wake kuelewana.

Hata hivyo, lugha iliyosafiri hubadilika. Katika Kiswahili cha Kongo husikika "batoto" badala ya "watoto", na "aksanti" badala ya "asante". Mtu asemapo "bibi yangu" aweza kuwa anamtaja mkewe, ilhali msikilizaji wa Kigoma amekwisha kumfikiria nyanya yake. Tena aliyesomeshwa kwa Kifaransa huenda akahesabu moyoni kwa Kifaransa, kisha akatafuta neno la Kiswahili. Ndiyo sababu jibu lake huchelewa. Hizo ni tofauti za malezi ya lugha, si upungufu wa akili.

Namna ya kuyaendesha

(a) Kundi liwe dogo, watu watatu au wanne. Mgeni mmoja kati ya wenyeji kumi hugeuka kitu cha kutazamwa.

(b) Mkutane siku ileile ya juma, kwa muda wa nusu saa hivi, chini ya mwembe au barazani. Yafaa pawepo kazi ndogo, kama kuchambua dagaa au kumenya mihogo. Mikono ikiwa na kazi, ukimya hauleti haya.

(c) Mada iwe jambo ambalo kila mmoja analijua kwa upande wake. Tuchukue mfano wa dagaa. Mwenyeji aeleze jinsi wavuvi wa Kibirizi wavuavyo usiku kwa taa, na kwa nini kazi hupungua mwezi ung'aapo. Mgeni ataeleza kwamba kwao dagaa huitwa "ndagala", na mgebuka huitwa "mukeke". Mwenyeji na aulize: Huanikwaje? Hupikwa na nini? Hapo mgeni amekwisha kuwa mwalimu, na mwenyeji amekuwa mwanafunzi. Hii ndiyo nguzo ya njia hii, kwani urafiki hauoti pale ambapo mmoja hutoa tu na mwingine hupokea tu.

(d) Usimkatize ili kumsahihisha. Akisema, "Batoto banalala," mjibu, "Ndiyo, watoto wanalala mapema siku hizi." Amelisikia umbo sanifu, wala hakuaibishwa.

Mambo ya kuepuka

Ndugu mwanachuo, kumbuka kwamba wengi walivuka mpaka kwa sababu ya vita na mauaji. Warundi walikimbilia Tanzania katika miaka ya 1972, 1993 na 2015. Wakongo walikuja kwa wingi mwaka 1996, ndipo kambi ya Nyarugusu wilayani Kasulu ilipofunguliwa. Mwenzako aweza kuwa amezaliwa katika safari hizo, au amekuja kusoma tu kama mwanafunzi mwingine yeyote. Usimwulize alikimbia nini. Akiamua kusimulia mwenyewe, msikilize mpaka amalize, wala usiyapeleke masimulizi yake bwaloni. Kadhalika, usimwite "Mkongo" au "Mrundi". Ana jina, jifunze kulitamka.

Faida yake katika ualimu

Mwalimu wa shule ya msingi mkoani Kigoma hupokea watoto wasemao Kiha nyumbani, na pengine watoto waliokuja na Kiswahili cha ng'ambo. Mtoto wa darasa la kwanza hawezi kumweleza mwalimu kwa nini amenyamaza. Aliyezoea kumsubiri mwanachuo mwenzake atafute neno atajua kumsubiri mtoto huyo pia, kabla ya kumhesabu miongoni mwa wasioweza.

Mazoezi

1. Taja mada tatu za mazungumzo ambazo mwenyeji na mgeni wa mwambao wa ziwa wanaweza kufundishana.

2. Mwanafunzi wako asema, "Batoto bamekwenda." Andika jibu litakalompa umbo sanifu bila kumwaibisha.