Saikopathi si Hukumu ya Maisha

Kwa miaka mingi madaktari wa akili wamerithishana imani kwamba mwenye saikopathi, yaani mtu asiyeguswa na maumivu ya wengine, hatibiki. Sehemu kubwa ya imani hiyo ilitoka Oak Ridge, hospitali yenye ulinzi mkali huko Penetanguishene, Ontario, nchini Kanada. Mwishoni mwa miaka ya 1960, daktari Elliott Barker alianzisha huko mpango wa kuwabadilisha wahalifu. Waliingizwa uchi katika chumba kidogo kisicho na dirisha, wakakaa humo siku kadhaa taa zikiwaka muda wote, wakinywa chakula cha majimaji kwa mirija iliyopenyezwa ukutani. Wengine walipewa LSD. Wataalamu walijiweka kando. Wagonjwa ndio waliosimamiana.

Mwaka 1992 mtafiti Marnie Rice na wenzake walichapisha matokeo ya kuwafuatilia waliotoka. Miongoni mwa wenye saikopathi waliopitia mpango ule, asilimia 77 walirudia uhalifu wa kutumia nguvu. Kwa wale ambao hawakuupitia, ilikuwa asilimia 55. Wengi wakahitimisha kuwa tiba huwazidishia ubaya. Mimi naona kilichoshindwa pale ni ukatili uliopewa jina la tiba. Mwaka 2017 jaji wa Ontario alitamka wazi kwamba yale yalikuwa mateso.

Mwenye saikopathi si kichaa. Haki na dhuluma anazijua vizuri. Asichokuwa nacho ni uchungu wa kumwona mwenzake akiumia. Anayesikia sauti zisizokuwepo ana ugonjwa mwingine kabisa, na inasikitisha jinsi anavyobebeshwa ukatili usio wake. Wala si kila mhalifu sugu ana saikopathi: wafungwa wengi wana tatizo la haiba la kukiuka haki za wengine, lakini ni wachache kati yao wanaofikisha alama 30 kati ya 40 katika kipimo cha saikopathi cha mwanasaikolojia Robert Hare.

Jimbo la Wisconsin, Marekani, lilichukua njia nyingine. Tangu 1995, kituo cha Mendota hupokea vijana walioshindikana katika magereza ya watoto, wakiwemo wenye dalili za saikopathi. Wanaokiendesha ni wataalamu wa afya ya akili. Badala ya adhabu kuzaa ukaidi na ukaidi kuzaa adhabu kali zaidi, mwenendo wa kijana hupimwa kila siku, na akijitahidi leo, kesho anapata nafuu anayoiona. Mwanasaikolojia Michael Caldwell na wenzake waliwafuatilia vijana hao baada ya kutoka. Vijana wa kundi la kulinganishia, ambao hawakutibiwa huko, walihusika na vifo vya watu 16. Waliotibiwa Mendota hawakuua mtu hata mmoja.

Gharama ilikuwa kubwa, lakini kila dola 10,000 zilizotumika ziliokoa takribani dola 70,000 za kesi na vifungo. Basi mzazi au mwalimu mwenye mtoto anayeumiza wenzake bila kujuta, asimwite shetani, wala asiongeze fimbo. Ampeleke kwa mtaalamu mapema, angali mtoto.