Wano la mshale: biashara iliyo kwenye kipimo

Barabara ya Makambako kwenda Njombe haikosi lori la mbao au nguzo. Kampuni ya TANWAT ilianza hapa mwaka 1949 na miwati, magome yake yakitumika kulainisha ngozi. Leo paina na milingoti ndiyo inayosomesha watoto wa wakulima wengi, kutoka Makambako hadi vilima vya Makete kuzunguka Ikonda. Mkoa unaouza nguzo una haki ya kujiuliza kama unaweza kuuza pia wano la mshale, kijiti cha gramu chache ambacho mnunuzi wa ng'ambo hukilipia vizuri kikiwa kimenyooka kweli.

Kabla ya kutazama ng'ambo, tutazame Ziwa Eyasi, ambako mshale wa kuwindia bado una mafundi wake na soko lake. Mhadzabe huchonga wano mwenyewe. Hulipasha moto, hulinyoosha kwa kuliuma kwa meno, hulitazama kwa jicho moja kutoka mkiani, kisha hurudia tena na tena mpaka aridhike. Manyoya ya kanga au ya tai hufungwa kwa ukano wa mnyama. Chuma hutoka kwingine. Kule Mang'ola wahunzi wa Kidatoga hufua misumari kuwa vigumba, huku mivukuto ya ngozi ikipuliza makaa, na kwa miaka mingi Wahadzabe wamewalipa kwa asali, nyama na ngozi. Siku hizi fedha za watalii zimeingia katikati. Mhunzi huyohuyo huyeyusha kufuli na mabomba ya zamani akatengeneza bangili, na mshale wa mgeni huishia kupamba ukuta.

Mshale ni mali hasa katika jamii ile. Katika mchezo wa kamari wa lukuchuko, ambapo wanaume hurusha vipande vya magome ya mti, dau ni mishale, na yenye kigumba cha chuma na sumu ndiyo yenye thamani kubwa. Lakini tazama kinachopewa bei pale mhunzi na mwindaji wanapokutana: ni kigumba. Kazi ya kunyoosha wano na kulilinganisha na nguvu ya uta wa mwenyewe, ambayo ndiyo inayoamua kama mshale utafika, hailipwi na mtu, kwa sababu kila mwindaji hujifanyia mwenyewe.

Ng'ambo mambo yamegeuka. Holless Wilbur Allen wa Missouri, Marekani, alipata hataza ya uta wa kapi mwaka 1969. Kapi zile humpunguzia mvutaji mzigo anapofika mwisho wa kuvuta, kisha huusukuma mshale kwa nguvu ya ghafla ambayo wano la mti halikuumbiwa. Linaweza kupasuka mkononi mwa mpigaji. Kwa hiyo wawindaji wa uta wa kapi hutumia kaboni au alumini, na mbao za Njombe hazina nafasi katika soko hilo. Tuseme hivyo wazi ili mtu asije akazamisha mtaji wake.

Hata huko kwenye kaboni, mnunuzi hailipii kaboni peke yake. Wano huwekwa juu ya nguzo mbili zilizoachana inchi 28, likatundikwa uzito wa gramu 880 katikati, na jinsi linavyopinda ndivyo linavyopewa namba. Lililopinda inchi 0.340 huitwa 340. Laini mno kwa uta wake, au gumu mno, na mshale huyumba. Fundi huupiga kupitia karatasi na kusoma mpasuko, kisha hubadilisha urefu wa wano au uzito wa kigumba. Mmarekani Ed Ashby, aliyefanya majaribio yake Natal, Afrika Kusini, miaka ya 1980, alisisitiza mishale mizito ya gramu 42 au zaidi, yenye uzito mwingi mbele na kiungo imara kati ya wano na kigumba, kwa sababu mshale unaovunjika kwenye mfupa humwacha mnyama akiteseka. Hoja hiyo naiunga mkono kabisa.

Yako mafunzo ya karibu zaidi. Katika karne ya 19 John Kirk, aliyekuwa kwenye msafara wa Livingstone, aligundua kwamba sumu ya mishale iitwayo kombe iliathiri mapigo ya moyo wake. Thomas Fraser wa Edinburgh akaichunguza na kuipima, ikawa dawa ya moyo, na mbegu za mmea unaotoa sumu hiyo zikasafirishwa kutoka Nyasaland, ng'ambo ya Ziwa Nyasa. Wenyeji waliuza mbegu. Faida kubwa ilikwenda kwa aliyejua kipimo.

Soko la ndani ni jembamba. Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori ya mwaka 2009 inadai kibali kwa anayewinda, na Kenya ilifunga uwindaji mwaka 1977. Wanaobaki ni wapigaji wa nyuta za mti huko Ulaya na Marekani, ambao bado hununua mawano ya mbao kwa dazeni. Wanataka kipenyo kimoja, mara nyingi 11/32 ya inchi, nyuzi za mti zilizonyooka kutoka mwanzo hadi mwisho, na mawano 12 yaliyo katika daraja moja la ugumu, tofauti isizidi ratili 5. Kipimo chao ni uzito wa ratili 2 juu ya nafasi ya inchi 26. Meza ya kupimia hivyo fundi wa Makambako anaweza kuitengeneza kwa siku chache.

Kigumu ni malighafi. Paina inayokua haraka ina pete pana na vifundo vingi, na ubao uliopasuliwa kwa msumeno bila kufuata nyuzi hutoa wano linalokatika. Mwenye nia aanze na magogo yaliyokua polepole kwenye baridi ya Makete, ayapasue kwa kabari kufuata nyuzi, ayakaushe kivulini taratibu, ayapime mawano moja moja, na yasiyofikia daraja ayauze kama vijiti vya kawaida. Shehena ya kwanza iwe ndogo, na kila wano liandikwe namba yake.