Kishikwambi cha Mwalimu: Ni Kazi au Mchezo?

Hebu fikiri jambo hili. Asubuhi unapita karibu na shule ya kijiji. Unachungulia dirishani. Watoto wameinama, wanaandika. Mwalimu amesimama pembeni, ameshika kitu bapa kama kibao kidogo. Anakigusa kwa kidole. Kinang'aa.

Jioni unakwenda mashineni kusaga. Unasikia watu wakisema: "Walimu wa siku hizi bwana! Kutwa wanachezea simu. Watoto wetu watasoma saa ngapi?"

Je, maneno hayo ni kweli? Pengine ni kweli, pengine si kweli. Mzazi atajuaje? Leo tutaeleza kile kibao ni nini, mwalimu anakitumia vipi, na kitu gani hakiwezi kufanya. Pia tutaeleza jinsi wewe, uliyejifunza kusoma ukubwani, unavyoweza kupima kazi ya darasani bila kugombana na mtu.

MIZIGO YA KICHWANI

Sisi watu wa Tabora tunajua habari za mizigo. Katika karne ya 19 njia kuu ya misafara ilipita kwetu. Ilitoka Bagamoyo, ikapita Ugogo, ikafika Tura, kisha Tabora. Hapo iligawanyika. Njia moja ilikwenda Ujiji, kwenye Ziwa Tanganyika. Nyingine ilikwenda kaskazini, Karagwe na Buganda. Ukifika Kwihara, karibu na mji wa Tabora, utaonyeshwa nyumba ya tembe alimokaa Livingstone mwaka 1872.

Wapagazi wengi walikuwa Wanyamwezi. Walibeba pembe za ndovu kwenda pwani. Walirudi na nguo, shanga na nyaya za shaba. Mzigo wa mtu mmoja ulifika hata frasila mbili, yaani karibu kilo 32. Kutoka pwani hadi Tabora ilikuwa safari ya miezi miwili au mitatu, na mara nyingine zaidi. Wengine walipitishwa njia hiyo wakiwa watumwa, wamefungwa minyororo. Hilo nalo tusilisahau.

Mbele ya msafara alikwenda kirangozi. Huyu ndiye aliyeijua njia. Alijua maji yako wapi na wapi pa kulala. Lakini kirangozi hakuweza kukimbia peke yake. Akiwaacha wenzake nyuma, msafara umepotea.

Mwaka 1912 reli ilifika Tabora. Mizigo ikashuka kichwani, ikapanda behewani. Je, kazi ya mtu iliisha? Haikuisha. Watu waliendelea kulima, kupakia, kupakua na kuhesabu. Hapo tunapata somo la kwanza: chombo kipya hubadili kazi, lakini hakifanyi kazi peke yake.

REDIO ILITUTANGULIA

Zamani shule ilikuwa ya wachache. Shule ya Serikali ya Tabora ilianzishwa katika miaka ya 1920, na mwanzoni ilikuwa hasa ya watoto wa machifu. Mwalimu Julius Nyerere alisoma hapo. Baadaye alirudi Tabora kufundisha katika shule ya Mtakatifu Maria.

Novemba 1974, Azimio la Musoma liliamua kwamba watoto wote wapate elimu ya msingi upesi. Watoto walikuja kwa wingi. Walimu wakawa hawatoshi. Basi vijana waliomaliza darasa la saba wakachukuliwa kufundisha vijijini. Walifundisha na huku wanajifunza ualimu. Walijifunza kwa masomo ya kuandikiwa, kwa vipindi vya redio, na kwa kukutana na mkufunzi wao. Zaidi ya walimu 30,000 walipatikana kwa njia hiyo.

Watu wazima nao walijifunza kwa redio. Wengine mnakumbuka kampeni ya "Mtu ni Afya" ya mwaka 1973. Watu wapatao milioni mbili walikaa katika vikundi, wakasikiliza, wakajadili, kisha wakachimba vyoo. Redio haikuchimba choo hata kimoja. Watu ndio waliochimba.

Hata juzi, mwaka 2020, shule zilipofungwa mwezi Machi kwa sababu ya ugonjwa wa korona, masomo yalirushwa kwa redio na televisheni. Kwa hiyo chombo cha umeme katika elimu si jambo la jana wala juzi.

KISHIKWAMBI NI NINI?

Kishikwambi ni kifaa bapa, kikubwa kuliko simu. Kinatumia betri. Kina kioo mbele, na ukikigusa kioo kinatii. Kinaweza kuhifadhi vitabu, picha, sauti na hesabu.

Vishikwambi vingi vilifika vijijini kwa njia ya sensa. Tarehe 23 Agosti 2022 nchi yetu ilihesabu watu. Makarani hawakuandika kwenye karatasi kama zamani. Waliandika kwenye vishikwambi. Wengi wa makarani hao walikuwa walimu. Sensa ilipokwisha, vishikwambi viligawiwa kwa walimu ili viwasaidie kufundisha. Kwa hiyo si zawadi ya kujipambia. Ni mali ya umma, na ina kazi yake.

Kazi hiyo ni ipi?

Kwanza, kusoma vitabu. Taasisi ya Elimu Tanzania imeweka vitabu vya shule kwenye maktaba ya mtandaoni. Mwalimu anaweza kuvisoma bila kulipia kitabu. Lakini mtandao haufiki kila mahali. Afanyeje? Anakwenda mahali penye mtandao, anapakua kitabu, anarudi nacho. Kupakua ni sawa na kuchota maji kisimani na kuyaweka mtungini. Ukiwa nyumbani hukioni kisima, lakini maji unayo.

Pili, kuonyesha. Mtoto wa Sikonge au Kaliua anaujua mzinga wa nyuki. Anaujua mwiko wa ugali. Lakini bahari hajaiona. Mwalimu akimwonyesha picha ya bahari na jahazi, neno linapata sura.

Tatu, kutunza na kupeleka taarifa: watoto wangapi wamesajiliwa, wangapi wamefika, wangapi wamefanya mtihani.

Nne, mwalimu mwenyewe kujifunza. Walimu wa shule jirani hukutana, wakasoma pamoja na kujadili jinsi ya kufundisha somo gumu.

SIKU MOJA DARASANI

Sasa tumtazame mwalimu wa darasa la kwanza. Tuseme darasa lake lina watoto 90. Kipimo cha serikali ni watoto 45 kwa mwalimu mmoja. Kwa hiyo huyu anabeba mzigo wa walimu wawili.

Kipindi cha darasa la kwanza ni dakika 30. Mwalimu akitaka kumsikiliza kila mtoto akisoma kwa dakika moja tu, atahitaji dakika 90. Hivyo ni vipindi vitatu vizima. Na bado hajaandika ubaoni, hajasahihisha daftari, hajamnyamazisha anayelia.

Kuna jambo jingine. Watoto wengi huja shuleni wakijua Kinyamwezi au Kisukuma tu. Nyumbani wanasema "Mwangaluka." Shuleni wanaambiwa "Shikamoo." Mwalimu mzuri haicheki lugha ya mtoto. Anaanzia pale mtoto alipo, halafu anamvusha hadi kwenye Kiswahili.

Je, kishikwambi kimoja kitafundisha watoto 90? Hakiwezi. Kioo chake ni kidogo. Aliye nyuma haoni kitu. Ndiyo maana mwalimu hodari ana vyombo vingine: ubao, chaki, kadi za herufi alizokata kwenye maboksi, visoda, vijiti na punje za mahindi. Mtoto akipanga visoda 10, akaondoa 3, anaona mwenyewe vimebaki 7. Hiyo nayo ni teknolojia, tena haina betri. Anayekosa daftari huandika mchangani kwa kidole mpaka mkono uzoee.

Kishikwambi kina adui zake pia. Vumbi, jua kali na mvua hukiharibu. Kikianguka, kioo hupasuka. Chaji ikiisha, ni kibao tu. Shule isiyo na umeme wala paneli ya jua inamlazimu mwalimu akipeleke senta kuchaji. Nani analipa? Mara nyingi ni mwalimu mwenyewe.

FEDHA ZA SHULE: SOMA UBAO WA MATANGAZO

Januari 2016 mpango wa elimu bila ada ulianza. Chini ya mpango huo, hesabu ilikuwa shilingi 10,000 kwa kila mtoto wa shule ya msingi kwa mwaka. Katika hizo, shilingi 4,000 zilikuwa za vitabu na zilibaki juu. Shilingi 6,000 zilipelekwa shuleni.

Tupige hesabu. Shule yenye watoto 600 inapata:

600 x 6,000 = shilingi 3,600,000 kwa mwaka.

Gawanya kwa miezi 12. Unapata shilingi 300,000 kwa mwezi. Humo humo kuna chaki, karatasi za mitihani, kitasa kilichovunjika na dirisha lililong'oka. Sasa unaona kwa nini mwalimu anaokota visoda.

Mapato na matumizi ya shule hubandikwa kwenye ubao wa matangazo. Zamani ulipita hapo ukaona michoro tu. Leo unajua kusoma. Basi simama, usome. Kama hakuna kilichobandikwa, muulize mwenyekiti wa kamati ya shule kwa heshima. Ni haki yako.

Kumbuka pia kwamba mzazi ana wajibu wake: sare, daftari, kalamu na chakula cha mtoto. Michango mingine ni ya hiari, na wananchi huipanga kwa kukubaliana. Mtoto asirudishwe nyumbani kwa sababu ya mchango.

UTAPIMAJE KAZI YA MWALIMU?

Usipime kwa kuangalia alichoshika mkononi. Pima kwa daftari la mtoto. Daftari ndilo shahidi.

1. Fungua daftari. Je, kuna kazi ya kila siku? Angalia tarehe.

2. Je, kazi imesahihishwa?

3. Mwambie mtoto akusomee mistari mitatu. Usimkemee akikosea. Msikilize tu.

4. Mtoto wa darasa la pili akishindwa kabisa kusoma mistari hiyo, usingoje mtihani. Nenda kwa mwalimu mapema.

Tuseme mzee mmoja anakwenda shuleni.

"Hodi mwalimu."

"Karibu baba. Shikamoo."

"Marahaba. Mwalimu, mimi nataka kujua. Hiki kibao mnachoshika kina faida gani kwa mjukuu wangu?"

"Swali zuri baba. Kaa hapa. Hiki hapa kitabu anachosoma. Shule ina nakala chache, watoto wanagombania. Usiku naandaa somo kwa hiki, asubuhi naandika ubaoni."

"Ala! Mbona hamkutuambia kwenye mkutano?"

"Ni kosa letu baba. Lakini nami nina swali. Mjukuu wako mbona Ijumaa haji?"

Mzee ananyamaza kidogo. "Siku hiyo anasaidia kwenye tumbaku."

Ndugu msomaji, tuhesabu Ijumaa hizo. Mwaka wa shule una siku 194 za masomo. Ni kama wiki 39. Mtoto akikosa siku moja kila wiki, amekosa siku 39. Karibu miezi miwili ya masomo imekwenda! Hapo hata vishikwambi 100 havitamsaidia. Tumbaku inaleta fedha, ni kweli. Lakini jani la tumbaku lililochelewa msimu huu, msimu ujao litaota lingine. Darasa la kwanza la mtoto halirudi.

Naye mwalimu anayekaa kwenye kishikwambi akitazama mpira wakati wa kipindi, huyo anaiba muda wa watoto. Aelezwe na kamati ya shule, mbele ya mwalimu mkuu, si mashineni.

TUFANYE NINI?

Kijiji kinaweza kuanza na mambo madogo. Wazazi na walimu wakutane walau mara moja kila muhula. Watu wakikubaliana, wanaweza kununua paneli ndogo ya jua ya kuchajia shuleni. Fundi seremala anaweza kutengeneza kabati lenye kufuli. Kina mama wanaweza kupanga zamu ya uji. Vijana wanaweza kukusanya visoda na maboksi. Na wewe unayesoma gazeti hili, msomee mtoto wako ukurasa mmoja kila jioni. Akiona baba au mama anasoma, naye atataka kusoma.

Msafara wa zamani ulimtegemea kirangozi. Lakini kirangozi naye aliwategemea wapagazi. Mwalimu ndiye kirangozi wetu leo. Tusimwachie mizigo yote, kisha tukamlaumu kwa kuchelewa kufika.

MASWALI YA KUJADILI

1. Shule ya kijiji chenu ina watoto wangapi na walimu wangapi? Kila mwalimu ana watoto wangapi?

2. Shule yenye watoto 450 itapata shilingi ngapi kwa mwaka, kama kila mtoto ni shilingi 6,000?

3. Ubao wa matangazo wa shule yenu umebandikwa nini mwezi huu?

4. Mtoto wako alikosa shule siku ngapi mwezi uliopita? Kwa sababu gani?