Olimpiki Ilipotweka Tanga Mtoni

Ukiwauliza wanachuo mbio za boti za tanga hufanyika wapi, wengi watakujibu baharini, na hawajakosea. Upepo uko huko, nafasi iko huko. Lakini mara ya kwanza mchezo huu kufanyika kwenye Olimpiki, mwaka 1900, boti nyingi zilishindania mtoni, kwenye Mto Seine nchini Ufaransa. Na ni kwenye mto huohuo alikopatikana mwanamke wa kwanza kushinda Olimpiki. Mimi nasoma ualimu, nitafundisha historia, na naona kisa hiki hakipaswi kuishia kwenye maswali ya chemshabongo.

Tuanze na kwa nini mto. Michezo ya Athens mwaka 1896 ilikuwa na mbio za tanga kwenye ratiba, ila hazikufanyika. Miaka minne baadaye Olimpiki ikaenda Paris, ikawekwa ndani ya Maonyesho makubwa ya Dunia. Michezo ikatawanywa kuanzia Mei hadi Oktoba, na neno lenyewe "Olimpiki" lilitumika kwa nadra, kiasi kwamba baadhi ya washiriki hawakujua wako kwenye mashindano gani. Paris haina bahari, ina Seine. Tena ilikuwa na klabu ya tanga iliyoanzishwa mwaka 1858, ambayo mchoraji maarufu Gustave Caillebotte aliwahi kuwa makamu wa rais wake. Klabu hiyo ilikuwa imehamia Meulan, mji mdogo wa kando ya mto, kama kilomita 40 kutoka Paris. Basi mbio zikapelekwa Meulan mwezi Mei. Boti kubwa, ambazo mto usingeziweza, zilisubiri hadi Agosti zikashindane Le Havre, pale Seine inapoingia baharini.

Sasa, mtoni kuna shida gani? Kwanza, mkondo. Baharini nahodha anapambana zaidi na upepo na mawimbi. Mtoni maji yenyewe yanatembea kuelekea upande mmoja muda wote. Ukishuka unataka kukaa katikati, ambako maji yana kasi. Ukipanda unajibana karibu na ukingo, ambako mkondo ni dhaifu. Lakini ukingoni kuna miti na majengo yanayokata upepo. Kwa hiyo unachagua: upepo mzuri na mkondo mkali, au mkondo mpole na tanga linalolegea.

Pili, nafasi. Boti ya tanga haiwezi kwenda moja kwa moja kule upepo unakotoka. Inabidi ipige bisho, yaani ikate upande huu, igeuke, ikate upande ule. Mabaharia wa pwani yetu wanalijua hilo vizuri. Baharini unaweza kukata mbali ndipo ugeuke. Mtoni ukingo uko palepale, unageuka kila baada ya muda mfupi, na kila kugeuka kunakula mwendo.

Tatu, na hii ndiyo mbaya zaidi, shwari. Upepo ukifa baharini, unakaa. Ukifa mtoni, mkondo unakurudisha ulikotoka! Mei 20, siku ya mbio za wazi zilizochanganya boti za kila ukubwa, upepo ulikuwa hafifu mno. Boti nyingi zilishindwa kumaliza ndani ya muda uliowekwa. Kuna waliomaliza, kisha wakaondolewa kwa kusukuma vyombo vyao kwa njia nyingine badala ya tanga. Ushindi ukaenda kwa Scotia ya Waingereza, na mmoja wa mabaharia wake, Linton Hope, ndiye aliyeibuni boti hiyo.

Siku zilizofuata boti zilishindana kwa madaraja ya tani: chini ya nusu tani, nusu hadi tani moja, moja hadi mbili, na kuendelea. Tani hizo hazikuwa za mizani. Zilipatikana kwa hesabu kutokana na vipimo vya boti na tanga lake. Mei 22, kwenye daraja la tani moja hadi mbili, Lérina ya Uswisi ikashika nafasi ya kwanza. Ndani walikuwemo Hermann de Pourtalès, mpwa wake Bernard, na mkewe Hélène, aliyezaliwa New York mwaka 1868. Siku tatu baadaye, kwenye mbio za pili za daraja hilo, Lérina ikawa ya pili.

Vitabu vingi humtaja Charlotte Cooper wa Uingereza, bingwa wa tenisi wa Julai mwaka huo. Ni kweli alikuwa mwanamke wa kwanza kushinda akicheza peke yake. Ila Hélène alimtangulia kwa wiki kadhaa, akiwa sehemu ya timu. Kumbe neno "wa kwanza" linategemea umehesabu nini.

Kilichonigusa ni jinsi alivyoingia. Wanawake kwenye Olimpiki ile walikuwa 22 tu kati ya washiriki karibu 1,000, na Pierre de Coubertin, baba wa Olimpiki ya kisasa, hakutaka wanawake washindane. Riadha iliwasubirisha hadi 1928. Lakini kwenye tanga, kipimo kiliiangukia boti. Hesabu ilipokubali, mwenye boti alipanda na watu wake, na Hélène alikuwa mmoja wao.

Tusishangilie kupita kiasi, jamani. Mume alikuwa na boti, na huo haukuwa mchezo wa mtu anayesubiri bumu. Mlango ulifunguka kwa mwanamke mwenye nafasi. Aliyekuwa anafua nguo kandokando ya mto hakuwa na mlango wowote.

Ndiyo maana nikisikia wanachuo wenzangu wakisema "wasichana hawapendi michezo", nauliza kwanza fomu ya usajili ilikaa kwa nani, mazoezi yalipangwa saa ngapi, na jezi zilinunuliwa kwa ajili ya timu zipi. Hélène de Pourtalès alishinda siku ile kwa sababu alikuwa ndani ya boti. Wengine wengi hatutajua kamwe wangeweza nini, maana walibaki ukingoni.