"Disinterested" na "Uninterested": Vivumishi Viwili Mikononi mwa Mfasiri

Vivumishi hivi viwili vya Kiingereza huwatatiza si wanafunzi tu, bali hata wafasiri waliobobea. Shina lao ni moja, na kila kimoja kina kiambishi cha ukanushi. Si ajabu basi kwamba hudhaniwa kuwa visawe.

Kwa waandishi waangalifu, "uninterested" ni mtu asiyevutiwa na jambo, wala halijali. "Disinterested" ni mtu asiye na maslahi katika jambo hilo: liamuliwe vyovyote, hapati wala hapotezi kitu. Huyu wa pili aweza kulifuatilia kwa makini sana. Hakimu hutakiwa awe "disinterested". Akiwa "uninterested" huenda akasinzia mashahidi wakisema.

Wako wanaolalamika kwamba kutumia "disinterested" kwa maana ya kutojali ni upotofu wa siku hizi. Historia haiwaungi mkono. Katika karne ya 17 neno hilo lilitumika kwa maana hiyohiyo, na "uninterested" likamaanisha asiyependelea upande. Ni katika karne ya 18 ndipo maana zilipoanza kubadilishana. Hata hivyo, ukongwe wa matumizi haumwondolei mfasiri mzigo wake.

Mzigo huo ni huu. Neno "interest" hukusanya mambo ambayo Kiswahili hukitenga kila kimoja kwa jina lake: maslahi, hamu, na riba ya fedha. Mwingereza aweza kuacha maana ikielea. Mswahili hana budi kuchagua. Wengi huchagua "asiyependelea", na hapo ndipo ninapotofautiana nao. Kutopendelea ni tabia ya mtu, ilhali maslahi ni hali aliyomo. Mwenye maslahi aweza kujitahidi asipendelee, lakini maslahi yake yangalipo.

Tuchukue mfano wa wasia. Sheria ya Wasia ya Uingereza ya mwaka 1837 yataka mashahidi wawili, na yabatilisha zawadi yoyote aliyoachiwa shahidi au mwenzake wa ndoa, ingawa wasia wenyewe wabaki halali. Sheria haiulizi kama shahidi alipendelea. Yauliza atapata nini. Kwa hiyo mwanasheria anapomtaja shahidi "disinterested", tafsiri iliyo sawa ni "shahidi asiye na maslahi". "Shahidi asiyependelea" ni pungufu, na "shahidi asiyejali" ni wa kukataliwa mahakamani kabla hajaapishwa.