Fahamu: Barack ni Baraka, wala si radi

Wapo wanaolihusisha jina Barack na yule shujaa wa Kitabu cha Waamuzi, ambaye jina lake kwa Kiebrania maana yake ni umeme. Biblia ya Union Version imezidisha mkanganyiko kwa kumwita Baraka. Mizizi ya maneno, hata hivyo, inakataa: jina la Kiebrania ni ndugu wa neno la Kiarabu barq, lenye herufi qaf, ilhali baraka ina kaf. Historia nayo inaelekea huko huko. Hussein Onyango wa Nyanza, Kenya, alikuwa amesilimu alipompa mwanawe jina Barack, na mjukuu wake, Barack Obama, aliyekuja kuwa rais wa Marekani, aliueleza mkutano wa chama chake mwaka 2004 kuwa maana yake ni aliyebarikiwa.

Mtu atauliza: mbona umaarufu wa rais huyo haukulieneza jina hilo Marekani, ambako halijawahi kuingia katika majina 1,000 ya kwanza ya wavulana? Jina Franklin, kwa upande wake, lilipanda sana Franklin Roosevelt alipochaguliwa kuwa rais mwaka 1932. Nionavyo, tofauti ni kwamba Franklin lilikuwa tayari jina la kawaida kwa Wamarekani. Barack liliwafikia likiwa la mtu mmoja tu.