Imla na Itibari ya Mfanyabiashara

Mnunuzi afikaye sokoni Manga, katika nchi ya Wagusii huko Kenya, huubinya mkungu wa ndizi kwa vidole vyake, humtazama muuzaji usoni, na akiingiwa na shaka humwuliza jirani sifa zake. Basi muamala hukamilika kwa itibari, pasipo haja ya maandishi. Lakini muuzaji huyo huyo akiitangaza bidhaa yake katika tovuti, ili asomwe na mtu wa Nairobi au wa London asiyemjua kwa sura wala kwa nasaba, ushahidi wote huo humpotea, na maneno aliyoyaandika ndiyo yasimamayo badala ya uso wake.

Kwa mfano, tuvitazame vinyago vya mawe ya huko Tabaka, vilivyolieneza jina la Kisii ulimwenguni. Jiwe huchongwa kwa panga na visu, kisha husuguliwa kwa msasa na maji hata mikwaruzo iondoke, ndipo lipakwe nta na kung'arishwa. Fundi hakubali kuuza kinyago chenye mikwaruzo; mbona tangazo lake hutolewa bila kusuguliwa? Ekegusii, lugha ya mama ya Wagusii, haina sauti ya l, na mwandishi afuataye sikio lake huweza kuandika r pasipostahili: akitaka kueleza mahali duka lilipo, akaandika "mahari", msomaji hudhani anatajiwa ng'ombe wa posa. Kadhalika bidhaa "za thamani" zikiandikwa "za zamani", sifa imegeuka kuwa kasoro.

Wala lugha ya mama isilaumiwe, kwani ina nidhamu yake kali: kiambishi kilicho eke- katika jina Ekegusii huwa ege- katika egetabu, yaani kitabu, na hata mtoto hakosei. Kiswahili nacho kina kanuni zake, zilizosanifiwa na kamati ya lugha ya Afrika Mashariki tangu mwaka 1930, na Katiba ya Kenya ya 2010 imekifanya lugha rasmi.

Mnunuzi wa mbali hutoa fedha kabla ya kuishika bidhaa, naye amekwisha kuzoea jumbe za matapeli zilizojaa makosa; akiyaona makosa hayo hayo kwa mtu mwaminifu, hana njia ya kuwapambanua, naye huondoka kimya. Kwa hiyo tangazo lisomwe kwa sauti, likaguliwe kwa kamusi, kisha apewe mwalimu wa Kiswahili alipitie, naye alipwe ujira wake kama alipwavyo asuguaye mawe.